Mkorogo Huanzia Mdomoni

Mtoto wa kike akizaliwa, wageni wanaokuja kumwona hawakawii kumkagua masikio. Mmoja atafunua khanga, atainama, kisha atatoa hukumu: "Huyu atakuwa mweusi huyu, tazama masikio yake." Mama mzazi, uchungu bado haujamtoka mwilini, atajikuta anamtetea mtoto wa siku tatu: "Rangi bado haijatulia, shangazi." Mtoto hasikii kitu siku hiyo. Ila kauli ile ataisikia tena na tena akikua.

Ataisikia nyumbani, atakapoitwa Cheusi wakati mdogo wake anaitwa Mzungu. Ataisikia shuleni, atakapopangwa mstari wa nyuma kwenye kikundi cha kumpokea mgeni rasmi. Ataisikia kwenye harusi ya binamu yake, atakapoambiwa kwamba sura anayo, umbo analo, angepata na rangi kidogo angekuwa mbali. Akifika miaka ishirini akaingia dukani kuulizia kitu cha kung'arisha, muuzaji hana kazi kubwa ya kumshawishi. Kazi hiyo tulishaimaliza sisi ndugu na jamaa zake, bure, kwa muda wa miaka ishirini.

Ndiyo maana makala haya hayamsemi msichana peke yake. Nina ushauri kwake, na ni ushauri wa kufanyia kazi kuanzia leo. Lakini nina ushauri pia kwa mchumba wake, mume wake, mama yake na shangazi zake, kwa sababu mkorogo huanzia mdomoni mwa watu wa nyumbani kabla haujafika kwenye ngozi. Tukiuondoa kwenye ngozi tukaiacha midomo vilevile, utarudi.

Kilichomo ndani ya kopo

Simama kidogo pembeni ya kibanda cha vipodozi, Kariakoo au soko lolote la mjini, utazame mkorogo unavyotengenezwa. Muuzaji anachukua kopo la losheni na kupunguza losheni yenyewe. Anakamulia humo tyubu mbili tatu za krimu. Anadondoshea mafuta ya maji kutoka kwenye kichupa, anaongeza kijiko cha kitu cheupe kutoka kwenye kopo lisilo na karatasi, kisha anakoroga kwa mpini wa kijiko mpaka rangi inakuwa moja. Anaufuta mdomo wa kopo kwa kidole, anafunika, anamkabidhi mteja na maelekezo mawili: "Paka usiku. Mchana usikae juani." Hakuna kilichopimwa wala kuandikwa. Ukiitazama mikono ya huyo muuzaji mara nyingi utaona vifundo vya vidole vimebaki vyeusi, ule weusi tunaouita sugu, na mishipa ya kijani imejichora juu ya ngozi iliyokuwa nyekundu.

Vitu vinavyofanya kazi ndani ya kopo hilo kwa kawaida ni vitatu: zebaki, haidrokwinoni na steroidi kali. Ili uelewe vinachofanya, elewa kwanza ngozi yako. Kila binadamu, awe Mmakonde au Mwingereza, ana seli za kutengeneza melanini, na idadi ya seli hizo inakaribiana kwa watu wote. Tofauti ya rangi inatokana na kiasi na aina ya melanini ambayo seli hizo zinatoa. Zako zinatoa nyingi, na melanini hiyo ndiyo inayoikinga ngozi dhidi ya mionzi ya jua. Ndugu zetu wenye ualbino, ambao miili yao haitengenezi melanini ya kutosha, wanalazimika kutafuta kofia, nguo za mikono mirefu na krimu ya kuzuia jua ili wasipate saratani ya ngozi. Anayepaka mkorogo analipa fedha kuzizuia seli zake zisimpe kinga ambayo wenzake wanaitafuta kwa shida.

Zebaki hupenya kwenye ngozi, huingia kwenye damu na kujikusanya katika figo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika katika jarida la kitabibu la Uingereza kuhusu wagonjwa waliovimba mwili kwa sababu figo zao zilikuwa zinavujisha protini kwenye mkojo. Wengi wa wanawake kati ya wagonjwa hao walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki, na baadhi walipata nafuu walipoziacha. Ni zaidi ya miaka 50 sasa tangu tuambiwe. Zebaki hudhuru pia mishipa ya fahamu, humfikia mtoto aliye tumboni, na mvuke wake unaweza kuwadhuru watu wa nyumba moja wanaotumia taulo na shuka zilezile.

Haidrokwinoni humgeukia mtumiaji polepole. Ikitumika miaka, hasa kwa mtu anayekaa juani, mashavu huanza kutoa madoa ya weusi wenye ukijivu na vipele vidogo vidogo. Madaktari wa Afrika Kusini walieleza tatizo hilo mwaka 1975, na nchi hiyo ikapiga marufuku krimu za kung'arisha ngozi mwaka 1990. Ubaya wake ni kwamba mwanamke anayaona yale madoa, anadhani ni dalili ya kurudi kwa weusi, anazidisha krimu, na madoa yanazidi.

Steroidi ni dawa za hospitali. Daktari humwandikia mgonjwa wa ukurutu apake kwa muda mfupi, sehemu ndogo ya mwili. Mtu akizipaka mwili mzima kila usiku, ngozi inakuwa nyembamba, michirizi inatokea mapajani na mikononi, chunusi na fangasi vinakaribishwa, na kidonda kidogo kinakataa kufunga. Mwanamke wa namna hii akihitaji upasuaji, hata ule wa kujifungua, ngozi yake inaweza kumsumbua daktari kwenye kushona na ikamsumbua yeye kwenye kupona. Dawa hizo zikiingia mwilini kwa wingi hupandisha pia sukari na shinikizo la damu. Na kwa wale wanaoambiwa sindano ni salama kuliko krimu, ifahamike kwamba mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani haijaidhinisha sindano yoyote ya kung'arisha ngozi.

Serikali zetu hazikukaa kimya. Tanzania, Kenya na Rwanda zimepiga marufuku vipodozi vyenye sumu hizi, na mwaka 2019 Bunge la Afrika Mashariki lilipitisha azimio la kutaka haidrokwinoni ipigwe marufuku katika vipodozi kwenye nchi zote wanachama. Hata hivyo makopo bado yapo sokoni, kwa sababu wanunuzi bado wapo. Kwa hiyo mlinzi wa kwanza wa ngozi yako ni wewe mwenyewe.

Soma kopo kabla hujapaka

Usinunue kipodozi kisicho na karatasi ya maelezo, kilichokorogwa mbele yako, au kilichohamishwa kutoka kopo moja kwenda jingine. Kanuni hii moja ukiishika, nusu ya hatari umeikwepa.

Kwenye kopo lenye maelezo, tafuta orodha ya viambato. Ukikuta mojawapo ya majina haya, rudisha: hydroquinone, mercury, mercuric iodide, calomel, ammoniated mercury, clobetasol, betamethasone. Tazama pia maonyo. Kipodozi kinachokuonya kisiguse dhahabu, fedha au alumini kina dalili kubwa ya kuwa na zebaki, kwa sababu zebaki huziharibu metali hizo. Na kipodozi kinachokuahidi weupe ndani ya siku saba kinakupa sababu ya kutosha ya kukiogopa, maana ngozi haibadiliki kwa kasi hiyo bila kulazimishwa.

Kuwa mwangalifu zaidi msimu wa harusi, kwa sababu wasichana wengi walioapa hawatajichubua huanza wiki chache kabla ya kicheni pati ili waonekane vizuri kwenye picha. Bibi harusi wa Mwambao alikuwa na matunzo yake tangu zamani: singo ya karafuu, waridi, asumini na langilangi, liwa usoni, hina mikononi, udi kwenye nguo na nywele. Matunzo hayo yanalainisha ngozi na kumnukisha mtu akiwa na rangi yake. Siku hizi kuna singo za dukani zinazochanganywa na krimu, kwa hiyo mtake somo wako aitengeneze mbele yako. Na piko ya unga wa dawa ya nywele iepuke, hata kama inakolea haraka, kwa sababu kemikali yake inaweza kukuachia malengelenge na makovu kufuata mchoro wa maua uliochorwa.

Kwa aliyekwisha kuanza

Dada yangu, kama unapaka mpaka sasa, sikuhukumu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Fuata hatua hizi.

Kwanza, usiache kila kitu kwa mkupuo bila kujua ulichokuwa unapaka. Kama kopo lina zebaki, acha leo hii, maana kila siku unayoongeza inaongeza sumu. Lakini kama ulikuwa unapaka steroidi kwa miezi au miaka, kuacha ghafla kunaweza kuifanya ngozi iwake moto, iwashe na kuvimba, na mwili wenyewe unaweza kukosa nguvu kwa sababu ulishazoea dawa kutoka nje. Hapa ndipo wengi wanaporudi kwenye kopo, wakidhani ngozi inaulilia mkorogo. Daktari anaweza kukupunguzia dozi hatua kwa hatua.

Pili, nenda hospitali ukiwa na makopo yako yote. Yaweke kwenye mfuko, hata lile lisilo na karatasi. Mwambie daktari au muuguzi ukweli: unapaka nini, tangu lini, sehemu gani za mwili. Omba upimwe mkojo kuangalia protini, upimwe shinikizo la damu na sukari. Kama ni mjamzito au unanyonyesha, sema siku ya kwanza kliniki, usingoje kuulizwa. Kliniki za ngozi zipo katika hospitali za rufaa, na kwa watu wa Kaskazini, pale Moshi kipo kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilicho pamoja na hospitali ya KCMC, ambacho kimekuwa kikifundisha wataalamu wa Afrika nzima tangu mwaka 1992.

Tatu, ipumzishe ngozi. Sabuni ya kawaida isiyo na manukato makali, mafuta mepesi au mafuta ya mgando, basi. Usisugue kwa dodoki mpaka ngozi iwe nyekundu, na usinunue dawa ya kutoa sugu, kwa sababu nyingi ni mkorogo uleule kwa jina jingine. Jikinge na jua kwa mwavuli, mtandio au kofia, pamoja na krimu ya kuzuia jua.

Nne, jiandae kwa kipindi kigumu. Rangi itarudi bila mpangilio: sehemu moja itatangulia, nyingine itachelewa. Watu watakuuliza kama unaumwa. Andaa jibu fupi mapema, kwa mfano, "Niliacha krimu, daktari alinishauri," kisha badilisha mazungumzo. Baadhi ya madoa yatafutika kwa miezi mingi, mengine hayatafutika yote. Hata hivyo figo inayopona inafaa kuliko shavu lisilo na doa.

Mwenye kopo la zebaki asilichome moto wala asilimwage, maana mvuke wake ni sumu. Lifunge vizuri kwenye mfuko, uulize hospitalini au ofisi ya afya ya eneo lako pa kulipeleka. Fua taulo, shuka na foronya ulizokuwa ukitumia.

Rangi na mapenzi

Wanawake wengi wakiulizwa kwa nini wanajichubua, jibu la kweli lina mwanamume ndani yake. Ni mchumba aliyesifia dada mweupe aliyepita barabarani. Ni mume aliyeanza kuchelewa kurudi, na habari zikaletwa kwamba huko aliko yupo mwanamke maji ya kunde. Mke akaunganisha mambo mawili akapata jibu lisilo sahihi.

Mume anayetoka nje hatoki kwa sababu ya rangi ya mkewe. Wapo wake weupe wa kuzaliwa walioachwa, na wapo wake weusi waliozeeka na waume zao kwa heshima. Kinachomtoa mtu nje ni tabia yake, au ni ugomvi uliokaa ndani bila kuzungumzwa, na vyote viwili vina njia zake za kushughulikiwa: mazungumzo ya mume na mke wakiwa wametulia, wazee wa pande zote mbili, mshenga, kiongozi wa dini, na kama kuna kipigo, dawati la jinsia la polisi. Ukilipeleka tatizo la ndoa kwenye duka la vipodozi, utarudi na matatizo mawili.

Kwa msichana aliye kwenye uchumba, nina pendekezo. Siku mwenzako atakaposema, hata kwa utani, kwamba angependa ung'are kidogo, usicheke na usinune. Mwambie kwa sauti ya kawaida: "Rangi yangu ndiyo hii, na nitazaa watoto wa rangi hii. Unaipenda au huipendi?" Kisha nyamaza umwache ajibu. Mtu aliyeteleza ulimi ataomba radhi na hatarudia. Mtu anayekutaka uwe mwingine atabisha, atakuita mkali, au atakupa mfano wa mpenzi wake wa zamani. Ukweli huo ni nafuu kuujua kabla ya mahari kuliko baada ya watoto wawili.

Mnapofahamiana kwa simu, mtumie picha yako bila filta. Kamera nyingi za siku hizi zinapunguza weusi na kunyoosha pua bila hata kuulizwa, na msichana anayeanza uhusiano kwa sura ya simu anajiwekea hofu ya siku ya kukutana. Hofu hiyo ndiyo inayowapeleka wengi dukani.

Kaka zangu, na ninyi mnahusika. Ukigundua mkeo anapaka, usianze na lawama, wala usimtangaze kwa ndugu zako. Jiulize kwanza umewahi kusema nini mbele yake kuhusu wanawake wengine. Kisha kaa naye mkiwa wawili: "Mama Neema, nimeona yale makopo. Nilikuoa na rangi yako na bado naipenda. Naogopa figo zako. Kesho nitakusindikiza hospitali." Tekeleza ahadi hiyo. Mwanamke aliyesindikizwa na mumewe kliniki ana sababu moja kubwa zaidi ya kuacha.

Ninasisitiza upole kwa sababu tumeshajaribu njia nyingine. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga marufuku sketi fupi, suruali za kubana, mawigi na krimu za kung'arisha ngozi. Nia iliyotajwa ilikuwa kulinda utamaduni. Kilichotokea mitaani Dar es Salaam ni makundi ya vijana wa kiume kuwazingira wanawake kwenye mabasi na kuwachania nguo. Krimu hazikwisha. Mwanamke anayeambiwa leo kuwa ni mweusi mno na kesho akatukanwa kwa kujichubua hajasaidiwa na yeyote kati ya wasemaji wawili, na mara nyingi msemaji ni mtu mmoja.

Vilevile tusimgeuzie kibao mwanamke aliyezaliwa mweupe. Wapo kila kabila, na siku hizi wanaishi wakishukiwa kila wanapoingia mahali. Ushauri wangu unahusu sumu na unahusu kauli. Rangi aliyopewa mtu na Mungu, iwe ya mkaa au ya maji ya kunde, haina kosa.

Nywele nazo zina haki ya kupumua

Kauli zilezile zinazoitukana ngozi huzitukana nywele, na madhara yake yanafanana. Ukitembelea saluni Jumamosi utamkuta msichana wa shule ya msingi amekaa kati ya magoti ya msusi, rasta zimebanwa mpaka nyusi zimepanda juu, na vipele vyeupe vimejipanga kwenye ukingo wa nywele. Usiku atalala kifudifudi kwa maumivu. Akisukwa hivyo miaka mingi, nywele za mbele na za pembeni zinang'oka na mizizi inakufa, na hapo hakuna mafuta ya kuziotesha tena. Mwambie msusi alegeze tangu mstari wa kwanza. Ukiona vipele, fumua, hata kama umelipa jana. Acha wiki mbili tatu kati ya msuko na msuko, na usisuke rasta nzito mara baada ya kutia dawa ya kulainisha nywele.

Kuhusu dawa ya kulainisha nywele, fahamu utafiti uliotolewa Marekani Oktoba 2022 na taasisi ya taifa ya afya ya nchi hiyo. Wanawake 33,497 walifuatiliwa kwa karibu miaka 11. Waliotumia dawa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka walipata saratani ya mfuko wa uzazi zaidi ya mara mbili ya wasiotumia: kwa hesabu ya watafiti, kufikia umri wa miaka 70, asilimia 4.05 dhidi ya asilimia 1.64. Utafiti huo haukuthibitisha kwamba dawa ndiyo inayosababisha saratani, na idadi yenyewe bado ni ndogo. Lakini unatosha kukufanya uongeze nafasi kati ya kutia na kutia, usipake juu ya kichwa chenye mikwaruzo, na usimtie mtoto kabisa.

Wigi ni pambo kama herini. Livae ukipenda, livue ukichoka. Kinachonihangaisha ni mwanamke asiyeweza kumfungulia jirani mlango bila kulivaa. Mwaka 2007 Flaviana Matata aliiwakilisha Tanzania kwenye Miss Universe akiwa amenyoa kipara, na akaingia kumi bora. Mwaka 2019 Zozibini Tunzi wa Afrika Kusini alilitwaa taji hilohilo kwa nywele zake fupi za asili. Kama majaji wa dunia wameweza kuziona nywele zetu, hatuna sababu ya kumzuia binti aende nazo kazini zikiwa safi na zimechanwa.

Kwa mama na shangazi

Mwaka 2014, miezi michache baada ya dunia kulijua jina lake, mwigizaji Lupita Nyong'o wa Kenya alisimulia hadharani kwamba alipokuwa mtoto alimwomba Mungu aamke akiwa mweupe. Alieleza pia jinsi alivyotiwa moyo na kumwona Alek Wek, mwanamitindo mweusi wa Sudan Kusini, akisifiwa duniani, na jinsi mama yake alivyomkumbusha kwamba uzuri hauliwi, kwamba kinachomlisha mtu ni utu na huruma aliyo nayo kwa wengine. Mtoto huyo alihitaji vitu viwili: mtu mzima mwenye rangi yake anayeheshimiwa, na mama anayesema maneno yanayofaa. Cha pili kila nyumba inaweza kukitoa.

Kwa hiyo anza na lugha ya nyumbani. Acha kuyakagua masikio ya watoto wachanga, na mgeni akiyakagua, badilisha mazungumzo: "Mtoto ana afya, ananyonya vizuri, tumshukuru Mungu." Usiwape watoto wa tumbo moja majina ya utani ya rangi. Ukimsifu binti, msifu kwa kitu alichofanya: amesoma vizuri, amemsaidia bibi, amemaliza kazi bila kusukumwa. Na mwambie pia kwamba ni mzuri, bila kiambatanisho chochote, kabla hajaambiwa na mwanamume wa kwanza anayetaka kitu kwake. Binti aliyeshiba sifa za baba yake hanunuliwi kwa sifa za barabarani.

Msimulie habari za wanawake waliodharauliwa sura wakabaki na heshima. Siti binti Saad wa Fumba, Zanzibar, alichekwa kwa sura yake na kwa asili yake ya shamba. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi nyimbo za taarabu, sahani zake zikasikika Mwambao wote, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu unaosomwa mpaka leo.

Zaidi ya yote, jitazame mwenyewe. Mama anayepaka usiku na kumwambia binti asipake hasikilizwi. Kama umeshapaka na umeshaumia, mweleze binti yako, mwonyeshe mikono yako, mwambie gharama uliyolipa. Atakuamini kuliko tangazo lolote la serikali.

Mkorogo utakwisha sokoni siku utakapokosa wateja, na wateja wake wanaandaliwa majumbani mwetu. Kwa hiyo, dada, nenda hospitali wiki hii na makopo yako. Kaka, mwambie mkeo leo kwamba rangi yake unaipenda. Na wewe shangazi, utakapokwenda kumwona mtoto mchanga, mpakate, mwombee dua, na masikio yake uyaache.